Sura ya Nne: Ardhi Isiyo Tupu

Magunia yanayofika mpakani Tunduma kutoka Nyanda za Juu Kusini hubeba maharage, mahindi, karanga na viazi mviringo. Kwa miaka mingi baadhi yake yamebeba pia viazi vidogo vya rangi ya udongo, ambavyo mtu asiyevijua angevipita akidhani ni masalia ya shambani. Mnunuzi aliyevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, havipiti. Anavipima, anavilipia, anavipakia. Wafanyabiashara huviita chikanda, na kila kiazi ndani ya gunia hilo ni okidi moja iliyong'olewa mbugani.

Chikanda ni jina la chakula chenyewe pia. Wabemba wa kaskazini mwa Zambia wamekila tangu enzi za mababu. Viazi vinaoshwa, vinakaushwa, vinatwangwa kuwa unga. Unga unachanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi kidogo, kisha unasongwa kwenye maji ya moto mpaka ushikane. Sufuria hufunikwa na makaa hupangwa juu ya kifuniko ili upande wa juu nao ukauke. Kikishapoa hukatwa vipande, na mijini wapo wanaokiita poloni ya Kiafrika kwa sababu ukikiona kwenye sahani unaweza kudhani ni nyama ya kukatwa.

Sina ugomvi na chakula hiki. Waliokila wanakisifu, na mama anayekiuza sokoni Lusaka anapata karo ya watoto wake kwa njia ya halali kuliko wengi. Matatizo yalianza pale chakula cha watu wa kaskazini kilipopata walaji nchi nzima. Mabonde yenye majimaji ya Zambia yalichimbwa mpaka viazi vikaadimika, na wanunuzi wakaanza kutazama ng'ambo ya mpaka, kwenye milima ya Tanzania ambako okidi hazikuwa chakula cha kila siku.

Mwaka 2003 watafiti wawili, Tim Davenport na Henry Ndangalasi, walichapisha katika jarida la uhifadhi la Oryx matokeo ya kufuatilia biashara hiyo kuanzia mlimani hadi mpakani. Makadirio yao yaliwashtua hata watu waliokuwa wakiyajua magunia hayo kwa macho: viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka kutoka eneo walilolichunguza. Aina zipatazo 85 za okidi waliziweka katika kundi la zile zinazoweza kuathirika. Nyingi ni za jamii tatu ambazo msomaji atazikuta tena katika sura hii: Disa, Satyrium na Habenaria.

Idadi hiyo inahitaji kueleweka kwa kuujua mmea wenyewe, maana milioni mbili za mihogo au za majimbi si habari.

Okidi tunazozungumzia hapa si zile zinazoning'inia kwenye matawi ya miti na kuuzwa kwenye vyungu mahotelini. Hizi zinaota ardhini, katikati ya nyasi, na maisha yao yanaendeshwa na kiazi. Mvua zikianza, kiazi kilicholala tangu msimu uliopita kinatoa shina na majani, halafu ua. Wakati huohuo, pembeni yake, mmea unaanza kujenga kiazi kipya. Mvua zinapokatika, majani yanakauka, kiazi cha zamani kinasinyaa na kuisha nguvu, na kipya kinabaki peke yake udongoni kikisubiri Novemba. Hiyo ndiyo namna ya okidi kuvuka kiangazi, baridi ya usiku na moto.

Mchimbaji anakitaka hicho kipya. Cha zamani kimekunjamana, hakina unga. Akishachukua kigumu na kuacha kilichosinyaa, mmea umekwisha hata kama shina lake limerudishwa shimoni na kufukiwa vizuri.

Kwa nini isiote nyingine? Tunda moja la okidi hutoa maelfu ya mbegu, na hapo ndipo watu wengi hujipa matumaini. Lakini mbegu hizo ni vumbi. Punje ya hindi au ya haragwe hubeba chakula cha kulisha mche mpaka ujitegemee. Mbegu ya okidi haikubeba chochote. Ikianguka, lazima ikutane na aina fulani ya kuvu wanaoishi udongoni, ambao wanaingia ndani yake na kuilisha. Isipokutana nao, inakufa. Ikikutana nao, itapita misimu kadhaa kabla ya kuwa na kiazi chenye nguvu ya kutoa ua. Na ua likishatoka linahitaji mdudu wake. Habenaria nyingi zina maua ya kijani au meupe yenye mrija mrefu ambao asali yake iko chini kabisa, na mwenye ulimi wa kuifikia ni nondo wa usiku. Satyrium zina mirija miwili nyuma ya ua. Disa zina mmoja, na miongoni mwao ziko zinazotegemea nzi wenye mdomo mrefu. Mfumo huu wote wa kuvu, nyasi, nondo na nzi hauwezi kuhamishiwa kwenye tuta la bustani kwa kumwagilia maji na kuweka samadi, na ndiyo maana mpaka leo chikanda inachimbwa badala ya kulimwa.

Kwa hiyo mavuno ya chikanda ni sawa na mkulima kula mbegu yake mwezi wa Oktoba, tofauti ikiwa kwamba mkulima anaweza kwenda kukopa kwa jirani.

Mahali ambapo uchimbaji huu ungeweza kuleta hasara kubwa kuliko pengine pote ni Kitulo.

Kitulo ni uwanda wa nyasi ulioinuka mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, katika Wilaya ya Makete na kuendelea hadi upande wa Mbeya, ukizungukwa na milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Kilele chake cha juu, Mtorwi, kina mita 2,961. Ukitokea barabara kuu ya Tanzania na Zambia, unaacha lami Chimala na kuanza kupanda ukuta wa mlima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu na kuupa mteremko huo jina la idadi yake: Hamsini na Saba. Juu yake ni Matamba, nchi ya Wawanji. Wakinga, ambao Watanzania wengi wanawafahamu kwa maduka yao mijini kuliko kwa milima yao, wako upande wa kusini. Kote huko watu wa vijijini wanauita uwanda huu Bustani ya Mungu.

Jina hilo lina maana kati ya Desemba na Aprili. Udongo wa Kitulo umetokana na volkano, mvua ni nyingi, na kwa miezi hiyo uwanda unabadilika rangi karibu kila wiki kadiri kundi moja la maua linavyolipisha jingine. Mimea zaidi ya aina 350 imeorodheshwa hapo, na kati yake okidi za ardhini ni aina 45. Aina zaidi ya 30 za mimea ya Kitulo hazipatikani nje ya Tanzania. Nyingine ziko kwenye milima hii tu.

Mwezi wa Agosti ni mambo mengine. Usiku baridi inashuka hadi kwenye sifuri, umande unaganda, na asubuhi unachokiona ni nyasi za rangi ya majani makavu mpaka upeo wa macho, ng'ombe wachache, upepo. Mti wa kujikinga haupo. Mgeni anayefika wakati huo hawezi kulaumiwa akisema hakuna kitu. Tatizo ni kwamba maamuzi mengi kuhusu Kitulo yamefanywa na watu waliokuwa wakiiona Agosti, au walioiona Januari kwa macho ya Agosti.

Mzungu wa kwanza kuisifia kwa maandishi, James Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alipita hapo mwaka 1877 akitokea kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alifariki mwaka huohuo akiwa Ugogo, na shajara yake ilichapishwa baadaye na mwenzake wa safari. Ramani za zamani ziliupa uwanda jina lake. Elton aliona nchi nzuri yenye hewa baridi na nyasi tele, yaani nchi ya kufaa kitu. Waliomfuata waliendelea kutafuta kitu hicho ni nini. Miaka ya 1960 lilianzishwa shamba kubwa la kondoo wa sufu. Baadaye kondoo wakapisha ng'ombe wa maziwa, na shamba la mifugo la Kitulo lipo hadi leo kando ya hifadhi. Sehemu za uwanda zililimwa na kupandwa majani ya malisho ya kigeni. Hakuna aliyefanya hivyo kwa nia mbaya. Nchi changa ilihitaji sufu, maziwa na ajira, na hapo palionekana mahali pasipo na mtu wa kuhamishwa wala msitu wa kukatwa.

Mawazo haya yana msingi mmoja ambao hausemwi waziwazi: kwamba nyasi ni hatua, si mwisho. Tunafundishwa shuleni kuwa msitu ukikatwa hubaki nyika, na nyika ikichungwa kupita kiasi huwa jangwa. Kwa hiyo tukiona nyasi tunatafuta msitu uliokuwepo na aliyeukata. Kwa sehemu nyingi za Tanzania fikra hiyo ni sahihi. Kwa Kitulo si sahihi, na ushahidi uko kwenye mimea yenyewe. Mmea unaoota kwenye nyasi za jua kali tu, na usiopatikana popote duniani isipokuwa kwenye milima hii, haukutokea katika miaka mia moja tangu mtu fulani akate miti. Ulihitaji nyasi hizo ziwepo kwa maelfu mengi ya miaka. Ndugu wa Disa wako kwa wingi Afrika Kusini, na njia yao ya kuja kaskazini ni mlolongo wa nyanda za juu zenye nyasi kupita Zimbabwe na Malawi. Gladiolus, Kniphofia na Protea za Kitulo zina historia ya namna hiyo. Uwanda huu ni mkongwe kama msitu wowote wa mvua unaopigiwa kengele.

Ndege nao wanashuhudia. Mbayuwayu wa bluu, mmoja wa mbayuwayu walio hatarini zaidi Afrika, hufika kwenye nyanda za juu kuzaliana wakati wa mvua na baadaye kuhamia pande za Uganda na Kenya. Kiota chake hakiwi chini ya paa wala mtini; anakijenga ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwemo yaliyoachwa na muhanga. Ukipalima, umebomoa nyumba yake. Ukipanda miti, umemwondolea anga ya kuwindia wadudu.

Msukumo wa kuigeuza Kitulo kuwa hifadhi ya taifa ulitokana kwa sehemu kubwa na biashara ya chikanda. Wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi Nyanda za Juu Kusini, wengi wao chini ya shirika la uhifadhi la WCS, walipeleka hoja kwamba uwanda unatobolewa. Rais Benjamin Mkapa alitangaza mpango huo mwaka 2002, na mwaka 2005 hifadhi ikatangazwa rasmi, ikiwa na kilomita za mraba 412.9 pamoja na msitu wa Livingstone. Ilikuwa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Nchi iliyokuwa ikijulikana kwa simba na tembo ilitenga ardhi kwa ajili ya maua, na uamuzi huo haujapata sifa unazostahili. (Huko kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone watafiti hao walikutana pia na kipunji, tumbili ambaye sayansi ilikuwa haimjui hadi mwaka 2003; huyo ndiye aliyeingia kwenye magazeti ya dunia, okidi zikabaki nyuma yake.)

Hifadhi ilizuia mengi. Ndani ya mipaka yake hakuna kulima, hakuna kuchunga, hakuna kuchimba. Hata hivyo mlinzi wa Kitulo ana kazi tofauti na ya mwenzake wa Serengeti. Jangili wa tembo anabeba bunduki, anaacha mzoga, na pembe zake zinatambulika popote. Mchimba chikanda ana jembe dogo na mfuko. Shimo analoliacha linajazwa na mvua ya siku hiyo. Mzigo wake ukishachanganywa na maharage kwenye gunia, askari wa barabarani hana sababu ya kuufungua.

Kisheria mambo yangepaswa kuwa wazi. Jamii yote ya okidi duniani imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania na Zambia zote ni wanachama. Kuvusha kiazi cha okidi bila kibali ni kosa. Lakini mkataba huo unamtaka afisa wa forodha ajue anachokitazama, na okidi zinatambuliwa kwa maua. Kiazi kilichokauka hakina ua. Unga hauna hata umbo la kiazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walilazimika kutumia vipimo vya vinasaba kujua ni okidi zipi zimo ndani ya chikanda iliyopikwa, na matokeo waliyochapisha mwaka 2017 yalionyesha mchanganyiko wa aina nyingi katika chakula kimoja. Hilo linatueleza jambo kuhusu hali ya huko mbugani. Zile zinazopendwa zikipungua, mchimbaji anaingia kwa zinazofuata, na mlaji hatambui.

Uturuki imeishi na tatizo hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Huko viazi vya okidi za mwituni husagwa kutengeneza salep, kinywaji cha moto cha majira ya baridi, na vilevile hutiwa kwenye aiskrimu. Nchi hiyo ilipiga marufuku kuviuza nje miaka mingi iliyopita, na bado okidi zake zinachimbwa, kwa sababu mlaji mkubwa yuko nyumbani. Marufuku ya mpakani haifiki jikoni.

Kufikia hapa msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuwa ameshatoa hukumu: Wazambia wanatumalizia maua. Nisingependa aiwahi. Chikanda ni tishio kubwa, lakini kiazi kilichokula nyasi nyingi za nyanda za juu ni kile kilichoko kwenye chipsi zake.

Makete, Uporoto na Njombe ni nchi ya viazi mviringo. Baridi inavifaa, udongo unavifaa, na soko la chipsi mijini halijawahi kushiba. Malori yanashuka mlimani yakiwa na magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo na kushonewa kofia, na mkulima, ambaye ndiye anayepunjwa kwenye lumbesa hiyo, analazimika kulima eneo kubwa zaidi ili apate kilekile. Eneo hilo linatoka wapi? Msitu una mwenyewe, ni wa serikali na una mlinzi. Bonde tayari limelimwa. Linalobaki ni kilima chenye nyasi. Tofauti na mchimba chikanda, ambaye anachagua mimea na kuacha nyasi, jembe halichagui. Linageuza udongo wote, linakata viazi vya okidi, linavuruga kuvu, na shamba likiachwa baada ya misimu michache hurudia magugu. Nyasi huweza kurudi polepole. Okidi zinazorudi pamoja nazo ni chache sana.

Tishio la tatu linakuja likiwa limevaa nguo za uhifadhi, na kwangu mimi hili ndilo gumu kuliko yote kulisema. Ni miti.

Njombe imetajirika kwa miti. Misindano, milingoti na miwati imepandwa na makampuni, na kwa miaka ya karibuni na watu binafsi, wakiwemo wafanyakazi wa mijini wanaonunua ekari chache na kuziacha zikue kama akiba ya uzeeni. Mbao ni biashara halali, na msindano uliopandwa kwenye shamba lililochoka haumdhuru mtu. Lakini misindano mingi inapandwa kwenye nyasi ambazo hazijawahi kulimwa, kwa sababu huko ndiko ardhi ilikuwa rahisi. Miti ikifunga, jua halifiki chini. Sindano zake zinarundikana na kuifunika ardhi. Nyasi zinakufa kwanza, maua yanafuata. Mbegu za misindano zina mabawa, upepo unazibeba kuvuka mpaka wa shamba, na mche unaoota peke yake katikati ya uwanda baada ya miaka michache una watoto wake.

Halafu kuna maji. Mvua inayonyesha Kitulo na milima jirani inalisha vijito vinavyoteremka Usangu na kuwa Ruaha Mkuu: mpunga wa Mbarali, Hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya Mtera na Kidatu. Upande wa pili maji yanashukia Ziwa Nyasa. Wengi wanaamini kwamba miti huleta maji, na kwamba kilima chenye nyasi kikipandwa miti mto utajaa. Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa miongo mingi, kijito kwa kijito, kwenye milima yao yenye nyasi. Palipopandwa misindano na milingoti, maji yalipungua. Sheria yao ya Maji ya mwaka 1998 inauhesabu upandaji wa miti ya biashara kuwa ni matumizi ya maji yanayohitaji kibali, kwa mantiki ileile inayotumika kwa mtu anayechota mtoni. Sisi bado tunagawa miche kwenye maadhimisho na kupiga picha.

Juu ya hayo yote liko joto. Mimea ya milimani, hali ya hewa ikizidi kuwa ya joto, husogea juu kutafuta baridi yake. Kilimanjaro na Mlima Kenya kuna nafasi ya kusogea. Kitulo ni uwanda, na ukishafika kwenye kilele cha Mtorwi umemaliza mita zote. Okidi inayohitaji baridi ya mita 2,700 ina mita zipatazo 260 za kukimbilia, na mteremko wenyewe ni mwembamba kuliko uwanda ulio chini yake. Hapo hatuna la kufanya kwa jembe wala kwa sheria ya wilaya. Tunaweza tu kuhakikisha kwamba mmea unaokabiliwa na joto haukabiliwi pia na jembe, msindano na mfuko wa mchimbaji.

Na moto? Nimeuacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndio unaolaumiwa kwanza. Moto wa kiangazi unaopita haraka juu ya nyasi kavu hauidhuru sana okidi iliyolala chini. Nyasi hizi na moto vimezoeana tangu zamani, na mahali pasipoungua kabisa nyasi nzito zinaweza kuyafunika maua madogo. Unaodhuru ni moto unaokuja wakati shina limeshatoka, au unaorudiwa kila mwaka mahali palepale, au unaoingia kwenye kingo za msitu. Kuuzima kila moto ni kosa linalofanana na kuwasha ovyo, ingawa si rahisi kulieleza kwenye mkutano wa kijiji.

Kuna mambo yanayoweza kufanyika. Kuotesha okidi hizi maabara pamoja na kuvu wao ni kazi ya kisayansi inayowezekana, japo ni ya polepole na haitamlisha mtu chikanda mwaka ujao. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vinahitaji fedha inayotokana na maua yaliyo hai, na hapa Kitulo ina bahati mbaya ya kalenda: maua yanachanua wakati wa mvua, barabara zikiwa tope, msimu ambao watalii wengi hawako nchini. Barabara ya kupitika mwaka mzima kuelekea uwandani ingefanya zaidi kuliko mabango mengi, mradi isiwe pia njia ya kurahisisha lumbesa na misindano. Na mlaji wa Zambia hana budi kuhusishwa. Huwezi kulinda mmea kwa kumficha anayeula kwamba unakwisha.

Lakini kubwa liko kwenye makaratasi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inajumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Wanasheria wamebishana sana juu ya kifungu hicho kwa sababu ya haki za wanavijiji. Mimi naona kwamba kilima chenye nyasi, kisicho na nyumba, shamba wala mti, ndicho cha kwanza kuangukia maelezo hayo. Nje ya Hifadhi ya Kitulo zipo nyasi za namna hii Uporoto, Kipengere, Umalila, Umatengo na Ufipa, zenye okidi zake, na nyingi hazina ulinzi wa hifadhi. Hatima yake inaamuliwa na kamati za vijiji na maofisa wa wilaya wanapoandaa mipango ya matumizi ya ardhi, kwa kutembea eneo mara moja na kuandika kilichopo.

Basi kama wewe ni mmoja wa wanaoketi kwenye kamati hizo, au ni ofisa ardhi, au ni mwekezaji unayetafuta ekari za kupanda misindano, naomba jambo moja. Msikague nyasi za nyanda za juu wakati wa kiangazi. Ombeni mtu anayeijua mimea, na mwende naye mara mbili kati ya Desemba na Aprili, kabla hamjajaza ile safu ya fomu inayouliza ardhi inatumika kwa nini.